Kwaresima na Mbegu Iliyobaki Ghalani

(Mazungumzo haya yalitolewa Kibamba, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mbele ya wanajumuiya na wahitimu wa kisomo cha watu wazima. Tumeyachapa kama yalivyosemwa.)



  Nawaona pia jirani zetu Waislamu, waliokuja kwa sababu tangazo lilisema kutakuwa na habari za mbegu. Karibuni sana. Hamkudanganywa, habari za mbegu zipo.

Nimeombwa niseme juu ya Kwaresima. Hasa nieleze neno tunaloambiwa kila mwaka, kwamba Kwaresima ni kufa ili tupate uzima mpya. Neno hili tumelizoea mno. Mtu analitamka kama anavyotamka habari za asubuhi, kisha anakwenda zake. Leo tulishike mkononi. Tuligeuze kama mtu anavyogeuza punje ya hindi kabla ya kuipanda, aone kama ni nzima au imetobolewa.

Kwanza hesabu kidogo. Ninyi ni watu wa kisomo, chukueni kalamu. Neno Kwaresima limetoka katika Kilatini, nalo lina maana ya arobaini. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi. Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili. Kutoka 5 Machi hadi 31 Machi ni siku 27. Siku za Aprili kabla ya Pasaka ni 19. Jumlisha, unapata 46. Mbona tunasema arobaini? Toa Jumapili 6, maana Jumapili si siku ya kufunga. Kila Jumapili ni Pasaka ndogo. Zinabaki 40. Ni kumbukumbu ya siku arobaini ambazo Yesu alikaa jangwani bila chakula.

Pasaka haina tarehe moja, kwa sababu inafuata mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu haiwezi kuja kabla ya 4 Februari, wala haiwezi kuchelewa kupita 10 Machi.

Sasa wewe mkulima wa Pwani, hebu sikiliza tarehe hizo kwa sikio la jembe. Februari hapa kwetu kuna nini? Kuna jua la kaskazi. Ardhi imepasuka. Tunafyeka, tunakusanya takataka, wengine wanachoma. Ukipita shambani miguu inakuwa myeupe kwa majivu. Halafu katikati ya Machi mawingu yanaanza kujikusanya, masika yanaingia, tunapanda. Pasaka ikifika, mahindi ya aliyewahi yamemfika magotini.

Mnaona? Majivu yapo kanisani na yapo shambani. Huko Ulaya walikotoka wamisionari, Kwaresima huja wakati baridi kali inakwisha na miti inataka kuchipua. Hapa kwetu huja na masika. Ndugu zetu wa Dodoma na Songea wana mvua nyingine, wao wakati huo mazao yameshasimama, watatusamehe. Lakini sisi wa ukanda huu tumepewa somo bure. Kanisa linatuambia habari ya punje iliyofukiwa wakati uleule ambao sisi wenyewe tunafukia punje.

Na majivu yale ya kanisani yanatoka wapi? Ni matawi ya mwaka uliopita. Yale makuti machanga na ukindu tuliyoyapunga Jumapili ya Matawi, tukishangilia, ndiyo hukaushwa yakachomwa. Shangwe ya mwaka jana inapakwa kwenye paji la uso mwaka huu. Padre anatukumbusha kwamba sisi ni mavumbi na tutarudi mavumbini. Mimi napenda jambo hili. Linatuzuia kuishi kwa sifa ya zamani.

Sasa tuingie kwenye mbegu. Siku chache kabla ya kuuawa kwake, Yesu alikuwa Yerusalemu, watu wamekuja kwenye sikukuu. Wakaja Wayunani wakitaka kumwona. Yeye akajibu kwa habari ya punje. Alieleza kwamba punje isiyokubali kuingia udongoni itakaa pweke vivyo hivyo, bali ile inayofia humo ndiyo inayoleta mavuno. Habari hiyo imo katika Injili ya Yohana, sura ya 12. Mkifika nyumbani isomeni wenyewe, maana sasa mnaweza.

Niliwahi kueleza maneno haya darasani. Mama mmoja, mkulima hodari, akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, mbegu iliyokufa haioti. Mimi nikipanda mbegu iliyokufa nakaa na njaa."

Watu wakacheka. Lakini mama yule alisema kweli, na kweli yake inatusaidia. Mbegu iliyokaangwa imekufa, haioti. Mbegu iliyooza haioti. Basi Yesu alikuwa anasema kifo gani?

Fanyeni jaribio. Pandeni punje kumi pembeni ya nyumba, mahali penye unyevu. Siku ya tatu fukueni moja. Mtaona imevimba, ngozi imepasuka, na mzizi mdogo umetoka. Mzizi unatangulia kwenda chini kabla cho chote hakijapanda juu. Siku ya saba hivi jani linatoka nje. Ngojeni wiki mbili tatu, fukueni tena polepole pale chini ya mche. Mtakuta nini? Ganda tupu. Limekunjamana, ndani hamna kitu. Unga wote uliokuwamo umekwenda kulisha ule mche.

Hiyo ndiyo maana yake. Punje imekufa kwa namna ya kutumika. Haiwezi tena kurudi kwenye debe. Haiwezi kusagwa ikawa ugali. Haiwezi kuuzwa. Alichokuwa nacho ndani chote amekitoa. Nimesema "amekitoa" kama vile ni mtu, nisameheni, ila nadhani mmenielewa. Kifo hiki hakifanani na kukaangwa. Kukaangwa ni kuharibiwa. Huku ni kutoa, na kilicho hai ndani ya punje kinapata nafasi ya kukua.

Na sasa tazameni upande wa pili. Punje iliyobaki ghalani, je, imepona? Nyote mnamjua dumuzi. Mdudu huyu si mwenyeji wetu, aliingia nchini miaka ya 1970 na alionekana kwanza upande wa Tabora. Watu wakampa jina la Scania, kama lile lori. Mkulima anaweka mahindi ghalani bila dawa, anafunga mlango, analala usingizi. Anakuja kufungua anakuta unga na matundu. Mbegu ile haikupandwa wala haikuliwa na mtu. Imekufa, tena imekufa bure.

Kwa hiyo msije mkadhani kwamba tunaulizwa kuchagua kati ya kufa na kutokufa. Hakuna uchaguzi huo. Uzee unakuja. Nguvu zinakwisha. Fedha inakwisha. Punje ya shambani inakwisha na punje ya ghalani inakwisha. Tunaloulizwa ni hili, itakwishia wapi? Kwaresima ni siku arobaini za kujibu swali hilo, na inatubidi tujibu mapema, kwa sababu mvua haimngoji mtu.

Basi nini ndani yetu kinatakiwa kiingie udongoni? Hapa ndipo wengi tunaponunua kitu rahisi. Mtu anasema, mimi Kwaresima hii nimeacha soda. Vizuri. Mwingine ameacha nyama Ijumaa, na kusema kweli nyama yenyewe hakuwa nayo hata Alhamisi.

Nitasema jambo la hapa hapa Kibamba. Wazee mnakumbuka, huku kulikuwa mashamba. Mihogo, minazi, mikorosho, maembe. Siku hizi shamba la baba limekuwa viwanja. Mji umepanda na barabara ya Morogoro mpaka umetufikia. Eka moja ambayo babu aliipata kwa kufyeka pori, leo ni fedha ambayo babu hakupata hata kuiota. Na fedha hiyo imeingia katikati ya watoto wa tumbo moja. Kaka ameuza kipande bila kumwambia dada. Mdogo amehamisha alama ya mpaka usiku. Mjane ameambiwa arudi kwao. Watu wanakaa safu moja kanisani, wanapeana mkono wa amani kwa sababu padre amesema wapeane, wakitoka nje hawaamkiani. Wengine sasa ni mwaka wa tano, wa sita. Sisemi jina la mtu. Kila mmoja anajua lake.

Sasa mtu wa namna hiyo anafunga. Anashinda na njaa mpaka jioni. Je, amekufa kifo gani? Nitajibu kwa mhogo.

Mhogo hatupandi mbegu, tunapanda kijiti. Unakata shina vipande, unafukia. Kila mkulima wa hapa anajua ugonjwa wa batobato, majani yanajikunja na kuwa na mabaka. Anajua na ule wa michirizi ya kahawia, unaong'oa mhogo mnene, ukiukata ndani unakuta umeoza kama kizibo. Bwana shamba ametuambia mara ngapi? Usikate kijiti kwenye shina linaloumwa. Ukikifukia kitaota, ndiyo. Kitachipua majani, utafurahi. Lakini kimeota pamoja na ugonjwa wake. Miezi kumi baadaye unavuna ugonjwa uleule, na jirani umemwambukiza.

Mfungo wa mtu mwenye kinyongo ni kijiti kile. Amejifukia siku arobaini, ameinuka Pasaka, ameinuka na kinyongo chake kimenawiri. Manabii wa kale walilikemea jambo hili. Isaya, sura ya 58, anawaeleza watu waliokuwa wakifunga huku wanagombana na kuwaonea vibarua wao, kwamba mfungo Mungu anaoutaka ni kuwafungulia walioonewa na kumgawia chakula mwenye njaa. Hilo nalo lisomeni.

Kwa hiyo kinachotakiwa kufa ni kile unachokishika kwa nguvu zaidi. Kwa mmoja ni pombe. Kwa mwingine ni haki yake. Nasema haki, sikusema kosa. Maana katika ugomvi wa kiwanja mara nyingi kuna mmoja ambaye kweli ameonewa, hati anayo, mashahidi anao. Mtu huyu ni vigumu kumwambia afe. Mimi simwambii aache kiwanja chake. Aende baraza la kata, aende kwa wazee, adai. Namwambia aache lile tamko, kwamba "hata akifa simziki". Unaweza kudai mpaka wako bila kumtakia ndugu yako mauti. Ni kazi ngumu, inauma, na kuuma kwake ndiko kwenyewe.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uangalifu. Kuna watu wanaona msiba wa mtu mwingine, wanamwambia, "Vumilia, hiyo ndiyo Kwaresima yako." Hili si sawa.

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, kwa ajili ya upanuzi wa barabara. Leo barabara ni pana, magari yanapita, na sisi tunaitumia. Lakini wapo watu waliosimama kando wakitazama kijiko cha mtambo kinaangusha sebule ambayo walimtolea mtoto mahari. Mtu kama huyo huendi kumwambia kwamba ni mbegu inakufa. Unamsaidia kubeba mabati. Unampa pa kulala. Ukiwa na maneno, yaweke mfukoni kwanza.

Kuna kutupwa na kuna kupandwa. Punje iliyodondoka kwenye lori ikasagwa na matairi haikupandwa, imetupwa. Kwaresima ni kujitoa mwenyewe, kwa hiari. Hakuna anayeruhusiwa kumtoa mwenzake halafu akaita ni Kwaresima. Mume asimnyime mke fedha ya unga akasema tunafunga. Tajiri asichelewesha mshahara wa kibarua akasema avumilie, Yesu naye aliteseka.

Nendeni Bagamoyo, si mbali na hapa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakafungua misheni pale. Kuna mbuyu wanaosema ulipandwa mwaka ule, sasa ni mti wa ajabu kwa unene. Na kuna makaburi. Someni miaka iliyoandikwa juu yake, mjumlishe na kutoa kama mlivyofundishwa. Mtaona wengi walikufa vijana, kwa homa. Walijua kwamba wenzao wanakufa, na bado wengine wakaja. Mwaka 2018 Kanisa lilipoadhimisha miaka 150 ya Ukatoliki katika Tanzania Bara, waumini walikusanyika palepale. Hiyo ni punje iliyopandwa, mtu hawezi kukataa.

Lakini mimi nikisimama pale siwafikirii mapadre peke yao. Nawafikiria pia watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, waliotoka katika soko la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873. Mtoto yule alikuwa amekwisha poteza mama, kijiji, hata lugha yake. Huko kulikuwa kutupwa. Hakuna Mungu aliyependa jambo lile. Pale Bagamoyo akapewa shamba la kulima, akapewa jina la ubatizo, akakua, akaoa, akajenga. Sisemi maisha ya misheni yalikuwa laini. Kulikuwa na kengele ya kazi na kengele ya sala, na mtoto hakuulizwa kama anapenda. Ila nasema hivi, Mungu anaweza kuokota punje iliyotupwa njiani akaipanda. Akifanya hivyo, yule aliyeitupa bado ana hatia yake.

Sasa niwageukie ninyi wahitimu wa kisomo. Mnadhani habari hizi za kufa na kufufuka ni za mapadre na watawa. Ninyi mmekwisha kufa mara moja. Nitawaonyesha.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa uhuru na miaka iliyofuata hali ilikuwa mbaya. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, watu 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamepungua hadi 39. Vitabu vilitolewa, redio ilisaidia, walimu walijitolea. Hayo yote ni kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho hakihesabiki. Kila mmoja wa watu wale ilibidi aue aibu yake kwanza.

Mzee mwenye wajukuu anakaa kwenye benchi ya watoto, magoti yamemfika kidevuni. Mwalimu ni binti wa jirani, aliyembeba akiwa mchanga. Anaambiwa, "Babu, hiyo siyo be, hiyo ni de." Mkono uliozoea jembe unavunja chaki. Watoto wanachungulia dirishani wanacheka. Wengine walitoka siku ya kwanza hawakurudi. Walitunza heshima yao, wakaondoka nayo, na mpaka leo barua zao wanasomewa na watu wengine. Nanyi mliobaki mliiacha heshima ile ife. Mliifukia pale chini ya benchi. Leo unapanda basi unasoma mwenyewe linakwenda wapi. Unasoma karatasi ya dawa ya mtoto. Unasoma mkataba kabla ya kuweka dole gumba, tena huweki dole gumba, unaandika jina.

Je, heshima ilipotea? Naona wewe babu unaheshimiwa zaidi kuliko zamani.

Kwa hiyo hamna haki ya kusema hamjui Kwaresima ni nini. Kinyongo kile cha kiwanja, au chupa ile, ni benchi nyingine tu.

Upande wa kanuni nitapita haraka, maana tangazo liko mlangoni. Kwa Wakatoliki siku za kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Kuacha nyama kunaanza miaka 14. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawalazimiki. Anayekunywa dawa za kisukari au dawa nyingine za kila siku asijifanye shujaa, amwulize daktari kwanza. Kila mwaka maaskofu wa Tanzania hutoa Ujumbe wa Kwaresima, kijitabu kidogo, someni katika jumuiya kidogo kidogo.

Kufunga, sala na sadaka ni mafiga matatu. Ukiondoa moja chungu kinaanguka. Mtu akiacha bia mbili kwa juma, fedha ile iende wapi? Ikibaki mfukoni, huyo hajafunga, ameweka akiba. Ni vizuri kuweka akiba, lakini tusiliite jina lisilo lake. Jirani zetu Waislamu wanalijua hili. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, tukafunga pamoja mtaa mzima, na jioni tuliona sahani za futari zikipita uani kwetu na sisi. Ilikuwa Kwaresima nzuri kwangu. Huoni haya kula mbele ya mtu aliyefunga, wala yeye hashangai ukikataa chai yake.

Halafu siku arobaini zikiisha, ule Mkesha wa Pasaka, mnajua tunavyofanya. Taa zinazimwa. Tunasimama gizani nje. Moto unawashwa, mshumaa mkubwa unawashwa kwa moto ule, na kutoka mshumaa mmoja tunawashiana mpaka kanisa zima lina mwanga. Kisha wakatekumeni wanabatizwa. Siku hizi tunamwagia maji kichwani, lakini zamani mtu alishuka ndani ya maji mazima, akazama, akainuka. Mtume Paulo aliwaeleza Warumi kwamba kuzama kule ni kaburi, tunazikwa pamoja na Kristo na kutoka naye tukiwa watu wapya. Yule anayebatizwa usiku ule ndiye mche wetu. Sisi wa zamani tuliobatizwa tukiwa wachanga tunarudia ahadi zetu, na wengine tunazirudia huku tunasinzia. Mwaka huu tusisinzie.

Nimefika kwenye mbegu niliyowaahidi jirani zangu.

Mwezi Machi ni mwezi wa njaa. Akiba ya vuli inakwisha na masika bado hayajaleta kitu. Kila mwaka katika mtaa huu wapo watu wanaokula mbegu zao. Siwalaumu. Mtoto akilia usiku, mama anaona debe la mbegu pembeni, atafanya nini? Anapika. Mvua ikija anatazama wenzake wanapanda. Basi aliyepanda wakati ana njaa, akaitoa ile punje kwenye sufuria akaipeleka shambani, huyo anaifahamu Injili ya Yohana kuliko mimi ninayeieleza.

Jumuiya imekubaliana hivi. Ye yote mwenye mbegu ya ziada alete kilo moja au zaidi. Eka moja ya mahindi huhitaji kilo 8 hadi 10, kwa hiyo watu kumi wakileta kilo moja moja tumepanda eka ya mtu mmoja. Tunataka mbegu zinazofaa ukanda huu wa chini, kama Staha au TMV-1. Mbegu chotara uliyovuna mwenyewe usilete, maana ukiirudia mavuno yanapungua. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya rangi mtu asiile hata akiwa na njaa ya namna gani, ni sumu. Vijiti vya mhogo vikatwe kwenye shina zima tu, bwana shamba atavikagua.

Atakayepewa hataulizwa dini. Jina lake litaandikwa kwenye daftari, na akivuna atarudisha kilo ileile kwa ajili ya mwaka ujao. Daftari litaandikwa na wahitimu wenyewe, wawili wawili, mmoja aandike na mwingine ahakiki.

Na wale ambao hawaamkiani, mimi nimeomba jambo moja kwa mwenyekiti wa jumuiya naye amekubali. Siku ya kupima mbegu atawapanga zamu moja. Mmoja atashika gunia, mwingine atashika mzani.

Mzani tutaazima dukani. Tunaanza Jumamosi saa mbili asubuhi, mvua ikinyesha tutahamia barazani. Sasa maswali. Naona mama ameshainua mkono.